Maganda ya Karanga Kisimani

Kila asubuhi Santina alisaga karanga uani kwake, mtaa wa Hai Malakal, huku akiota macho wazi. Aliota maji. Si yale yanayouzwa na lori, yenye rangi ya chai. Aliota maji baridi, meupe, yametulia chini ya ua wake, yakimngoja. Mara nyingine mkono ulisahau kusaga.

"Mama Caroline, umekwenda wapi tena?" mumewe, Lokosang, alimtania.

"Niko hapahapa. Niko chini ya ardhi."

Ndoto hiyo ilitokana na binti yao mdogo, Caroline. Mvua zikianza tu, tumbo lilimshika, akabaki macho na mifupa. Santina alimbeba kliniki kila msimu. Aliogopa, tena sana, kwamba siku moja angerudi mikono mitupu.

Basi majirani walipokubaliana kuchimba kisima, wakachagua ua wake. Fundi akaja na mashine. Alikuwa Daisy, mwanamke aliyekulia Kenya na kujifunzia kazi huko. Mashine ikanguruma. Tope jepesi likashuka kwa bomba, likapanda tena na udongo wa chini. Mngurumo ule ulimlewesha Santina. Akaona kama ardhi inapumua, na kila pumzi inasogeza maji karibu.

Saa sita mchana mashine ikanyamaza.

"Kuna nini, dada?" Santina akashtuka.

"Shimo linakunywa tope," Daisy akasema. "Chini kuna mchanga na nyufa, linapotelea humo. Tope ndilo linashikilia kuta. Likiisha, kuta zitaanguka, na kisima hakuna."

Lakini Lokosang akacheka.

"Mimi iko na dawa!"

Akapanda bodaboda yake, akarudi na gunia la samadi mbichi ya ng'ombe.

"Sakafu ya nyumba si tunapaka hii? Maji haipiti. Tunamwaga ndani ya shimo, khalas, kwisha!"

Kusema kweli, Santina naye aliona hiyo ni akili. Nani pale hakukua kwenye sakafu ya samadi? Akashika upande mmoja wa gunia, wakaanza kuliinua.

"Weee! Acheni!" Daisy akaruka mbele yao. "Baba Caroline, hiyo nyumba huwa unainywa?"

Lokosang akaliangalia gunia.

"Samadi ina vijidudu vya tumbo," Daisy akaeleza. "Ukimwaga humu, unavipeleka kwenye maji ya mtoto wako."

Santina akaliachia gunia. Jamani, kwa mikono yake mwenyewe!

"Sasa tufanye nini?"

Daisy akatazama nyuma ya jiko. Palikuwa na lundo la maganda ya karanga.

"Tutumie yale."

"Yale? Zile ni taka, dada. Mimi huzichoma."

"Usichome tena. Tukiyatwanga, vipande vinaingia kwenye nyufa na kuziziba. Wengine humwaga oili chafu, sumu ikabaki ardhini. Maganda hayana shida hiyo. Ila yawe makavu, na yenye ukungu tuyatupe."

Santina akatwaa kinu. Majirani wakaleta vyao. Wakachagua, wakatwanga, mengine yakawa unga, mengine chengachenga. Vumbi la maganda likaelea juani, na ua wote ukanukia karanga. Daisy akayatia kwenye tope kidogo kidogo, akawasha mashine. Watu wote wakakodolea macho dimbwi la tope kando ya shimo. Likapungua. Likapungua polepole. Kisha likatulia.

"Ya Rabb! Limeshiba!" Lokosang akapiga kelele.

Jioni wakafikia maji. Caroline akaja mbio na kikombe, Daisy akamzuia.

"Malesh, pole mpenzi, bado. Maganda nayo huoza. Yakibaki ndani, vijidudu vitapata chakula. Kwanza tusukume maji mpaka yatoke safi kabisa. Halafu tutie klorini, na maji yapimwe."

Kungoja kulimchosha Santina kuliko kutwanga. Mkono ulisahau kusaga tena na tena. Hatimaye Daisy akarudi akitabasamu tangu getini.

"Yamepimwa, yako salama. Kunyweni!"

Lokosang aliitia samadi yake kwenye bustani ya bamia, akidai huo ndio ulikuwa mpango wake tangu mwanzo. Watu wakamcheka mpaka akacheka naye. Na watu wa ua mwingine walipoanza kuchimba kisima, Santina akawapelekea gunia la maganda makavu, yaliyochaguliwa.

Kisha mvua zikaanza. Santina hakupata raha. Kila mara alimwita Caroline na kumpapasa tumbo.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Kweli?"

Mvua zikapiga, njia zikajaa matope, mtoto hakuugua. Siku moja Santina akamwita tena, akampapasa, akakuta tumbo limejaa na mbavu hazihesabiki.

"Mama, unanitekenya!" Caroline akaangua kicheko, akachomoka, akakimbilia kucheza kwenye madimbwi.

Santina akakaa palepale mlangoni, akalia kwa furaha.