Gogo Chini ya Gurudumu

Kila likizo Winnie alikwenda Sengerema kwa bibi yake, na kila safari alimchosha baba yake kwa maswali. Baba yake, Shimba, aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Nyakato. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango, malori yaliyotumika yakaingia nchini kwa wingi, na watu wa kuyaendesha hawakukosekana. Basi asubuhi hiyo, tajiri aliposema kwamba kreti za soda walizopakia ni za harusi ya jioni, na zikichelewa funguo atapewa mtu mwingine, Shimba alijua hatanii.

Winnie alikaa kati ya baba yake na Ngosha, utingo wa lori. Aliuliza kwa nini usukani ni mpana kama ungo, na kwa nini injini inanguruma zaidi mlimani. Baba alimjibu yote. Lakini alipouliza kwa nini kila wakisimama penye mteremko Ngosha huruka chini na kusukumiza gogo chini ya gurudumu, baba alikohoa, akaanza kuzungumzia mvua.

Kwenye njia panda ya Usagara, askari wa usalama barabarani walikuwa wakikagua malori. Afande aliyewajia alikuwa mwanamke mrefu, jina lake Zakia. Winnie alimwamkia, na papo hapo akaomba kutazama ukaguzi. Afande akacheka, akamruhusu. Walilizunguka lori pamoja. Afande alimwonyesha mifereji ya tairi inavyosukuma maji pembeni wakati wa mvua, akamwachia avute kamba za turubai aone kama zimekaza. Macho ya Winnie yalimeremeta.

Afande akauliza habari za breki ya mkono. Shimba akaivuta, ikalia krrr. Afande akaridhika, akageuka aende zake.

"Afande," Winnie akasema, "kama breki hiyo inashika, gogo ni la nini?"

Ngosha akageuka kutazama ng'ombe waliokuwa wakivushwa barabara. Winnie akauona uso wa baba yake, na hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amesema.

Afande aliamuru lori lipelekwe kwenye kimlima kilichokuwa jirani, watu wakae mbali. Shimba akavuta breki ya mkono, kisha akaachia ile ya mguu. Lori zima, kreti zikigongana, likaanza kurudi nyuma, mpaka alipokanyaga breki tena.

Shimba alishuka akisihi. Alieleza habari za harusi, za tajiri, za kazi yake.

"Kazi yako naijua, dereva, na yangu naijua," Afande alisema. "Tafuta fundi."

Ngosha alimsogelea Winnie. "Hongera, afande wetu mpya. Kesho tukikosa kazi, utatulisha maswali?"

Winnie alikaa juu ya jiwe. Lakini fundi Mbaruku alipokuja kutoka gereji ya jirani na kuingia uvunguni, hakuweza kujizuia. Akainama na kuuliza waya mwembamba unawezaje kulizuia lori. Mbaruku akamweleza kwamba waya huvuta tu. Kinachobana gurudumu ni viatu vya breki. Waya wao ulikuwa umekatika zamani, kwa hiyo haukuvuta chochote. Akaweka mwingine. Afande akalijaribu lori tena kwenye kimlima kile, nalo likatulia kama limepigiliwa misumari. Akawaruhusu.

Walifika kivuko cha Kigongo pantoni ikiwa inakaribia ufukwe. Barabara ilishuka moja kwa moja hadi majini, na mbele ya lori walisimama akina mama wenye vikapu, baadhi wamebeba watoto mgongoni. Shimba akavuta breki ya mkono, akazima injini. Lori halikusogea hata kidogo.

"Baba, nisamehe," Winnie alisema. "Nusura nikukoseshe kazi."

Shimba aliwatazama wale akina mama.

"Harusi tutaiwahi," alisema hatimaye. "Na hata tungechelewa, kosa lisingekuwa lako. Mimi nilijua breki ni mbovu, nikawa naificha kwa kuogopa tajiri. Watazame wale, mwanangu. Hawanijui, lakini wametugeuzia mgongo bila wasiwasi, kwa kuamini kwamba dereva aliye nyuma yao ni mkweli. Anayedanganya kwenye ukaguzi hamdanganyi askari. Anawadanganya hao."