Chujio Lililopaswa Kuchomwa

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Kipimo alipofunua jakuzi ya mwalimu mstaafu na kukuta maji yametulia tuli, hayana hata povu. Jina la Kipimo binti huyu alipewa na dada yake, maana hakuna kitu asichokipima: joto, klorini, uchachu, hata kina, ambacho hakijawahi kubadilika.

"Na kivuli chako umeshakipima?" dada yake alimtania, akikunja suruali. "Harakisha, mdogo wangu, giza linaingia."

Walikuwa mafundi wawili tu. Mwalimu alikuwa safarini, ufunguo kauacha kwa jirani. Chujio la jakuzi lilikuwa limeoza, likawakatikia mikononi, na jipya halikuwepo garini. Kipimo akatoa lile alilolihifadhi.

Hapo ndipo alipokosea. Miezi miwili nyuma, daktari wa meno aliyefiwa na mkewe majini aliwaita wambadilishie chujio la jakuzi yake, akawasihi la zamani walichome siku hiyohiyo. Kipimo aliitikia. Lakini alipoligeuzageuza karakanani aliona mikunjo yake bado imara, ina nusu mwaka mzima wa kazi, na kuchoma kitu kizima kulimuuma roho. Akaliloweka kwenye dawa, akalianika, akaliweka rafuni. Dada yake hakuambiwa.

Sasa akalipachika. Akawasha.

Pampu ikakohoa mara moja... ikanyamaza... ikaanza kuvuta.

Harufu ikapanda. Haikuwa ya klorini. Ilikuwa ya damu vuguvugu, kama kinywa kilichotoka kung'olewa jino.

Dada yake akapiga magoti ukingoni na kuzamisha kiganja, kama walivyozoea, ili asikilizie kama tundu la chini linavuta sawasawa. Misuko yake mirefu ikateleza begani, ikagusa maji.

Ikavutwa.

Paji la uso likagonga ukingo, likazama. Kipimo akarukia swichi kubwa ukutani, akaikata. Pampu ikafa. Taa zikazimika.

Maji yakaendelea kuvuta.

Alijitosa na nguo zake. Dada yake alikuwa akirusha mateke, na teke moja likampasua Kipimo mdomo. Akaishika misuko, akavuta kwa nguvu zote. Upande wa pili nao ukavuta. Akapapasa chini kutafuta tundu, akakuta vidole. Vilipanda msuko kimoja kimoja, vikafika shingoni mwa dada yake, vikakaza.

Akachomoa kisu cha kukatia mipira ya maji, akakata. Nywele kwanza, kisha ngozi ya kichwa, kwa kuwa giza na damu havikumpa nafasi ya kuchagua. Kucha zikamchana mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani. Hakuacha kukata.

Kichwa kikaibuka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama yeye. Maji yakachuruzika mdomoni, na pamoja nayo ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, taratibu, yenye adabu zake.

"Mume wangu yuko wapi?"

Kipimo akazidi kumvuta dada yake kuelekea ukingoni.

"Alinikandamiza chini... mpaka nikazoea. Yuko wapi?"

Vidole vikakaza tena. Kitu kikalia kooni mwa dada yake, kama kijiti kinachovunjwa.

"Nitakupeleka," Kipimo alinong'ona. "Kesho asubuhi. Mwachie dada yangu, nakuomba."

"Kesho," ile sauti ikasema. "Huyu nitakuwa nimemshika."

Hospitalini walimtoa dada yake maji mapafuni mara mbili, na mara mbili yakajaa tena akiwa kitandani, pakavu. Nesi alimvuta Kipimo pembeni, akamuuliza mgonjwa anayapata wapi. Shingoni alama za vidole vitano zilizidi kuwa nyeusi. Kulipokucha, pumzi zilikuwa zikihesabika.

Ijumaa, saa moja kasoro robo asubuhi, Kipimo alibisha kwa daktari wa meno, mkono umefungwa bendeji, chujio ndani ya ndoo. Alisema ni ukaguzi wa kawaida tu. Daktari, akiwa na joho la kuogea, tayari kwa maji yake ya asubuhi, aliuliza dada mtu yuko wapi leo. Aliposikia anaumwa, alimpa pole ya dhati, akamsihi asimwache peke yake muda mrefu.

Upole ule ulimtia shaka. Na kama ile sauti imedanganya? Alichokuwa nacho ni neno tu la kitu kilichomnyonga dada yake. Alitazama mikono ya mtu yule kwa muda, misafi, kucha fupi, haina kovu. Hakukuwa na chombo cha kupimia jambo kama hilo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya hospitali. Hakupokea.

Akampa daktari mgongo, akachomoa chujio jipya, akapachika la zamani. Daktari akavua joho, akaingia majini, akaegemeza kichwa ukingoni na kufumba macho.

"Yako sawa, binti?"

"Yako sawa, daktari."

Akawasha pampu.