Robo Eka ya Mama Pendo

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Asubuhi hiyo Mbalizi iliamka na ukungu na manyunyu ya baridi. Nilifukua tuta la kwanza shambani, kisha la pili. Mbegu za viazi zilikuwa zimeunguzwa na mbolea. Huu ni mwaka wa pili.

Nilibakiwa na viroba viwili vya mbegu. Nazo zikiungua, kwangu hatuna viazi hadi mwakani.

Jioni nilikwenda darasani nimenuna. Tunasomea ukumbi wa kanisa, watu wazima kumi na wanane. Tunakaa kwenye mabenchi, tunatazama mbele kama Jumapili. Mwalimu Sosthenes anasoma noti, sisi tunaandika. Mchungaji akihubiri hakatizwi, basi na Mwalimu hatumkatizi.

"Eneo ni urefu mara upana," alisoma. "Mmeelewa?"

"Ndiyo," tukaitika wote.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Sikujua ni ya kazi gani.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, Mwalimu Devota, anayefundisha watu wazima kule Mlandege, Iringa. Alikaa benchi langu.

"Mama, mbona umekunja uso?" alininong'oneza.

"Viazi vyangu vimeungua tena. Niliweka mbolea ya nusu eka kwenye nusu eka. Na kila siku namwomba Mungu anipe kuelewa."

"Shamba lako lina hatua ngapi?"

"Eka ni sabini kwa sabini. Langu ni thelathini na tano kwa thelathini na tano. Nusu."

Alinitazama kidogo. "Hebu muulize Mwalimu wako."

"Nisimame katikati ya somo?"

"Unamwomba Mungu uelewe. Anayeweza kukueleza yuko hapo mbele, nawe unamnyamazia."

Maneno hayo yalinichoma. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Mama Pendo, si umeitika sasa hivi?"

"Nimeitika kwa mazoea."

Nikaeleza habari ya shamba. Mwalimu akaligeukia darasa. "Thelathini na tano kwa thelathini na tano ni nusu eka?"

"Ndiyo," wakaitika wote.

Mwalimu akaweka chaki mezani, akajishika kichwa. "Miezi mitatu nawasomea eneo. Koo limenikauka."

"Koo lako na vidole vyetu, Mwalimu," alisema Rabson, fundi baiskeli.

Devota akaomba atupeleke uani. Mwalimu akakataa. "Mada kumi bado. Tukienda kucheza nje, noti atamaliza nani?"

"Noti wanazo," Devota alijibu. "Viazi hawana."

Mwalimu akanitazama mimi, kisha daftari lake. Akafungua mlango.

Uani Devota hakutupa jibu. Alisema, "Choreni eka ndogo, hatua kumi kwa kumi. Kisha pangeni ndani yake shamba la Mama Pendo, nusu ya kila upande."

Tulipoichora eka, Rabson alichora kwenye kona yake mraba wa hatua tano kwa tano. "Nusu hii hapa."

"Haya, jaza nafasi iliyobaki," Devota alisema.

Akachora wa pili. Nafasi ikabaki. Wa tatu. Wa nne ndipo eka ikajaa.

"Kumbe mama una robo," Rabson alisema, "na miaka yote unatutambia nusu."

Nilicheka, lakini kwa uchungu. Miaka miwili nimeipa robo eka mbolea ya nusu eka. Urefu umepungua nusu, na upana pia. Jibu lilikuwa ndani ya daftari langu, nami nikilibeba tu.

"Sasa mweleze Rabson kwa nini ni robo," Devota aliniambia. Nilipomweleza, ndipo nikajua kwamba nimeelewa.

Jumamosi nilipanda mbegu zilizobaki. Nilipunguza mbolea nusu. Kabla ya kufukia niliomba, na safari hii nilikuwa nimepima.

Wiki ya nne viazi viliota kwenye matuta yote. Jioni nilililetea darasa habari. Tulikuwa tumeyageuza mabenchi, tumekaa wannewanne, tunatazamana.

"Bwana asifiwe," alisema Mwalimu Sosthenes. "Nami kuna neno nataka kulisema."

"Sema kwa sauti, Mwalimu," Rabson alidakia, "tuwe mashahidi."

Mwalimu akasimama katikati yetu, si mbele.

"Kuanzia leo sitawauliza tena kama mmeelewa. Nitawaambia mnionyeshe."