Aliyeukata Mwaloni wa Nishikubo

Asubuhi wapigapicha walipopanda kilima cha Shirobetsu, mwaloni waliousafiria kutoka pande zote za Japani ulikuwa umelala juu ya theluji. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno wa injini.

Sajini Tomizawa Chizuru, askari pekee wa kijiji, alikuta watu ishirini wakilia huku wakipiga picha. Wote walimtaja Nishikubo, mwenye shamba, aliyekuwa akiapa tangu vuli kwamba ataukata mti huo ili wapigapicha waache kumkanyagia ngano.

"Niliapa, ndiyo," Nishikubo alisema kwa hasira. "Lakini aliupanda babu yangu, Afande. Ningewakata wao kwanza."

Chizuru alimsihi asirudie maneno hayo mbele za watu. Fundi wa misumeno alithibitisha kwa simu kwamba msumeno wa Nishikubo ulikuwa kwake kwa matengenezo tangu juzi. Mara mpigapicha mmoja akamnong'oneza kwamba amshuku mwenzao mmoja wa Osaka, aliyepata picha nzuri jana na huenda alitaka iwe ya mwisho ya mti huo. Yule wa Osaka akasikia, wakashikana makoti. Chizuru, uvumilivu ukimwishia, akawaamuru wote warudi kwenye magari. Walitii, huku wakimpiga picha yeye.

Ndipo akapata nafasi ya kutazama chini. Theluji iliacha kuanguka usiku wa manane. Nyayo za mtu mmoja zilikwenda mtini na kurudi, lakini hazikufika barabarani. Zilipotelea chini ya tuta la theluji lililosukumwa pembeni na greda la kuondoa theluji barabarani. Kwa hiyo mkataji alikuja na kuondoka kabla greda halijapita hapo.

Dereva wa greda, Mzee Oikawa, alikuwa gereji akinywa chai. Nishikubo alimfuata Chizuru hadi ndani, ingawa alikatazwa.

"Uliikutaje barabara ya kilimani, mzee?"

"Nyeupe tupu. Hakuna gari, hakuna mguu wa mtu."

"Basi huyo mtu alifikaje? Nyayo zake zimefukiwa na tuta lako. Kama hakuwa mbele yako, alikuwa ndani ya greda."

Oikawa akaweka kikombe chini. Alieleza kwamba majira ya baridi yaliyopita, msichana alilala barabarani akitafuta pembe nzuri ya kuupiga mti picha. Bamba la greda lilisimama shibiri moja kutoka kichwani pake. Msichana akainuka, akamgombeza kwa kumharibia picha. Oikawa alilalamika halmashauri, wakaweka kibao cha onyo. Watu wakakipiga picha kibao.

"Juzi kalala mwingine palepale," alisema. "Nina miaka thelathini kwenye kiti kile, sijaua hata mbweha. Sikutaka kungoja wa tatu."

"Ungekuja kwangu," Nishikubo alisema.

"Ungekubali tuukate?"

Nishikubo alikaa kwenye tairi kuukuu, akainamisha kichwa. "Ningekataa," akasema.

Chizuru alimwambia Oikawa kwamba lazima ampeleke kituo cha wilaya. Alipofungua mlango wa gereji, theluji ilikuwa ikimwagika upya na barabara haionekani. Alipiga simu wilayani, akaambiwa dereva mwingine wa greda atapatikana kesho. Alikata simu, akafumba macho kidogo.

"Washa hilo dude, mzee," alisema. "Tangulia ufungue njia, nakufuata nyuma. Na usinikimbie."

Oikawa alivaa glovu zake taratibu, akauliza kama huko kituoni kuna mahali pa kuliegesha greda.