Binti Aliyenyonyeshwa na Lalla Zhor

Ijumaa asubuhi soko kuu la Casablanca halina adabu. Waislamu wanatafuta mboga za kuskusi, Wayahudi wanawahi kupika kabla Sabato haijaingia, na kila mtu anatumia kiwiko. Larbi Sqalli, fundi redio, alishika kipande cha mwisho cha boga, akakuta upande wa pili umeshikwa na mkono wenye bangili za fedha.

"Achia," alisema mwenye mkono.

"Mama yangu analisubiri."

"Mama yako atakusamehe. Sabato hainisubiri."

Alivaa gauni la kijani lililokaa sawasawa kiunoni. Larbi akaachia.

"Unaitwa nani, mnyang'anyi?"

"Simi. Nauza vitambaa nyuma ya posta. Ukitaka kulalamika, duka lina simu."

Alilalamika kila siku.

"Duka la vitambaa, karibu."

"Nataka mita tatu za yule msichana wa kijani."

"Hauzwi kwa mita, mpenzi. Rudi kwenye redio zako."

Ilikuwa miaka ya sabini. Wayahudi wengi walikwisha kuhamia Ufaransa na Israeli. Freha, dada mkubwa wa Simi, alikuwa Marseille, na kila akipiga simu alimwambia mdogo wake amfuate. Simi alikataa kwa sababu ya Larbi.

Baridi ilipoanza, Larbi akampeleka nyumbani. Hakumwambia mama yake kitu, alisema tu analeta mgeni. Mama huyo, Lalla Zhor, ndani ya kaftani ya bluu, alimimina chai ya nanaa.

"Binti wa nani wewe?"

"Wa marehemu Messody Ohana, wa mji mkongwe."

Lalla Zhor akamkumbatia, machozi yakamtoka. "Messody! Tulikaa ua mmoja. Alipougua homa ya uzazi mtoto wake nilimnyonyesha mimi, huku yeye, huku Hmad, kifungua mimba wangu. Umerudi, binti yangu."

Simi alicheka kwa furaha, akiyachukua kama maneno ya upendo tu. Larbi hakucheka. Kwa Waislamu, aliyenyonya kwa mama yako ni dada yako, na dada haolewi.

Alikuwa mwoga, basi, hakumweleza Simi. Aliacha kupiga simu, na Simi alipopiga karakana alijibiwa hayupo. Simi akadhani Larbi amekumbuka kwamba mchumba wake ni Myahudi. Akakata tiketi ya meli ya Marseille, kisha akaenda karakana.

"Naondoka. Nataka uniambie usoni kwamba unaona aibu kunioa."

"Aibu gani? Simi, wewe ni dada yangu."

"Dada yako tangu lini?"

"Ulinyonya kwa mama. Kwetu huo ni udugu kamili."

Simi alimtazama kama anavyotazamwa kichaa. "Hmad amekupita miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na wewe umenipita mitatu. Sasa mama yako alitunyonyesha vipi pamoja, mimi nikiwa sijazaliwa?"

Larbi aliketi juu ya redio ya mteja.

"Ni Freha huyo, mpumbavu wangu," Simi alisema. "Kamlete mama."

Lalla Zhor alifika akihema. "Huyo mtoto uani tulimwita Mwezi, jina la kwao sikulishika. Nilihama akiwa anatambaa. Sikujua Messody alipata mwingine."

Wakaomba simu ya Marseille.

"Freha, ulinyonya kwa nani?"

"Ndiyo swali la kuuliza kutoka ng'ambo? Mama alisema ni kwa Lalla Zhor. Wewe ulikua kwa maziwa ya kopo, ndiyo maana huna adabu."

Lalla Zhor akampokonya Simi simu. Walilia kwanza, yeye na Freha, na Larbi, mwenye kulipia simu, akavumilia.

"Binti yangu," Lalla Zhor alisema, "wazazi wenu hawapo. Nakuja kwako kumposea kaka yako."

"Kaka yangu yupi?"

"Larbi. Anamtaka Simi."

Larbi alishika ukingo wa meza.

"Mjomba Haim hatasema nasi tena akisikia ni Mwislamu," Freha alisema. "Mama, Sabato yake ataachiwa?"

"Atakuwa na sufuria zake za chakula cha kwao jikoni kwangu, na hakuna atakayezigusa."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

Simi akasogeza mdomo kwenye simu. "Nasema ndugu yako anunue suti. Nguo hii aliyovaa ina mafuta ya mashine."

Freha alicheka mpaka wote watatu wakamsikia.

"Basi nimekubali. Lakini siku ya harusi nitakaa upande wa kaka yangu."