Mipira Minne ya Nje

Klaudia aliporudi kutoka zamu ya usiku alikuta televisheni inawaka, na umeme hakuna.

Alisimama mlangoni, viatu mkononi. Mtaa mzima wa Hamugembe ulikuwa umekatiwa umeme tangu alfajiri. Hata mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa kimya. Lakini pale sebuleni, ndani ya kioo, mrushaji wake wa gemu ya besiboli, mwenye kichwa kikubwa kama boga, alisimama katikati ya uwanja, mpira mkononi, akijifuta jasho kama mtu aliyechoka kungoja.

"Mama, ni wewe umewasha gemu?"

"Niwashe kwa lipi?" Anatolia, mama mkwe wake, alijibu kutoka jikoni alikokuwa akimenya ndizi. "Nilidhani umerudi na wageni. Nimesikia watu wengi."

Klaudia alikuwa muuguzi wa wodi ya watu wazima, mwaka wa kumi na tisa huu, na uchovu wake haukuwa tena ule wa kulala ukaisha. Mumewe alikuwa kisiwani Bumbire kwenye uvuvi wa dagaa, binti yao Hellen alikuwa bwenini Muleba. Furaha yake ilikuwa moja tu, besiboli. Aliipenda tangu sekondari, alipokuja mwalimu wa hesabu kutoka Japani akawafundisha wasichana kurusha na kupiga nyuma ya bweni, kwa magongo ya kuchonga. Mjini hakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo, kwa hiyo alipoikuta gemu ya Kijapani kwenye duka la vitu vilivyotumika, hakuiacha. Ulikuwa mchezo wa kitoto, mipira inawaka moto, wachezaji wanaruka juu kuliko paa. Kila asubuhi alicheza mechi moja, akacheka kidogo peke yake, akalala.

Asubuhi hiyo aliketi, akashika pedi ya gemu. Chini ya miguu ya mpigaji, mahali ambapo siku zote paliandikwa Kijapani asichokijua, aliona herufi anazozijua: JOSIA.

Ni usingizi, aliwaza. Akarusha mitatu. Mpigaji akaikosa yote.

"Amekufa," alisema, maana shuleni ndivyo walivyomwita mpigaji aliyetoka, kama watoto wanavyosema kwenye rede.

Jioni alipofika kazini, kitanda cha nne kilikuwa kimetandikwa upya. Josia, mzee wa ngiri aliyekuwa aruhusiwe kesho yake, alikuwa amefariki saa mbili asubuhi.

Siku ya pili jina lilikuwa EPHRASIA. Klaudia alitupa pedi, akachomoa waya ukutani. Mrushaji alimtazama, akainua mkono, akarusha mwenyewe. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Ephrasia alifariki wodini, ndiyo kwanza amemaliza uji wake.

Siku ya tatu alikuja mpigaji mwingine, ILDEFONS, kijana wa kitanda cha saba. Klaudia alishika pedi kwa mikono miwili, akarusha nje, mbali na gongo. Mipira minne ikienda nje, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza. Ildefons alitembea. Waliomfuata aliwarushia hivyohivyo, nao wakamsukuma mbele, kituo cha pili, cha tatu, mpaka akafika kituo cha mwisho, kinachoitwa nyumbani. Jioni ile Klaudia alimkuta anafunga kifurushi chake. Daktari alikuwa amemruhusu.

Hapo akaelewa. Lakini foleni haikuisha. Kila aliyelazwa alikuja na gongo begani. Mchezo ulianza Klaudia akivua sare na kusimama akiivaa. Ulikula saa zake za kulala tu. Akiacha pedi, mrushaji alirusha mwenyewe, na yeye hakuwahi kukosea. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Akifa wa tatu, zamu ya timu ya wageni kupiga inaisha, ndivyo sheria ya besiboli ilivyo, na mechi hii ilikuwa ya zamu moja tu, naye hakutaka kujua ingeisha vipi.

Siku ya tisa, macho yakimwasha kama yaliyotiwa mchanga, alianza kuona kwamba watazamaji hawashangilii tena bali wanapumua, pumzi ndefu za watu waliolala, kama wodi inavyopumua kabla ya mapambazuko, na kwamba harufu iliyotoka kwenye kioo ilikuwa ya shuka zilizokaliwa na homa, na kwamba katikati ya vichwa vile vikubwa vya katuni palikuwa na kimoja cha ukubwa wa kawaida, cha mtu, ambacho hakikufuata mpira bali kilimtazama yeye, na kila alipopepesa macho kilikuwa kimeshuka safu moja, na nyingine, kikikaribia uwanja.

Usiku ule nusura amchome mgonjwa sindano ya mwingine. Alirudi nyumbani akilia, akamweleza mama mkwe wake yote.

Anatolia hakubisha. Alimtuma bodaboda Kibeta, akamleta mganga, Bi Maimuna, na udi wake. Bi Maimuna alifunika televisheni kwa kitambaa cheupe, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akatega sikio kwenye kitambaa muda mrefu.

"Hali damu huyu," alinong'ona. "Anakula usingizi. Watu hao ni chambo tu, ili usikae mbali naye."

"Atatoka?"

"Kaniahidi. Afe mmoja tu aliyebaki, mechi iishe, ataondoka leo hii. Rusha mitatu, ukalale."

Klaudia aliinua pembe ya kitambaa. ANNASTELLA. Mwalimu wa kitanda cha pili, mwenye nimonia. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Aliwaza, na ni kweli aliwaza: mitatu tu, halafu mto, halafu giza. Maji ya sabuni ya jirani anayefua yalisikika yakimwagwa uani.

Akarusha nje. Minne.

Bi Maimuna alikunja kitambaa chake. "Basi, mama, mimi hapo sina dawa."

Alipokwisha kwenda, Anatolia alivuta kigoda. "Nifundishe."

"Mama, wewe na macho hayo?"

"Mpira nauona. Kusoma ndiyo sijui. Kwani kurusha kunasomwa?"

Alitia kahawa ya kutafuna mdomoni, akajifunza vitufe viwili. Klaudia alilala saa mbili, za kwanza tangu mkosi uanze. Mabati yaligonga bila mvua, na yule wa kichwa cha kawaida alisimama kwa hasira, lakini mchezo ulikubali. Tangu siku hiyo walipokezana kama wodini, Klaudia akikabidhi pedi kwa ripoti ya wagonjwa. "Kituo cha kwanza Annastella, cha pili Rutaihwa, hakuna aliyekufa." Walijifunza kwa taabu jambo moja: pedi haibadilishwi mikono mpigaji akiwa bado amesimama na gongo. Walipojaribu, mrushaji alirusha mwenyewe miwili mizuri, ukabaki mmoja wa kuua, kabla hawajamuwahi.

Wiki zilipita hivyo. Asubuhi moja Klaudia aliamshwa.

"Mama Hellen, njoo. Kidole kimeteleza, nimempa miwili mizuri. Huyu ni nani?"

Klaudia alitazama kioo. Palikuwa pameandikwa ANATOLIA. Kiti cha mbele cha watazamaji, alipokuwa amefika yule wa kichwa cha kawaida, kilikuwa kitupu, na harufu ya shuka za homa haikutoka tena kwenye televisheni. Ilitoka nyuma ya kigoda.

"Mgonjwa mpya," alisema. "Bibi mmoja wa Kamachumu."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Maawe! Ngoja basi."

Mmoja nje. Wa pili nje. Wa tatu nje. Kisha mkono wa kizee ulikakamaa, akaweka pedi pajani, akaanza kujikanda vidole. Mrushaji aliinua mkono wake mwenyewe. Klaudia alikaa sakafuni miguuni pake, hakuthubutu hata kumgusa. Kitu kilipumua juu ya vichwa vyao.

"Mama," alisema taratibu. "Anasubiri."

Anatolia akaichukua, akabonyeza. Mpira ulipita mbali na gongo.

"Amefika?"

"Amefika, mama."

"Mungu ashukuriwe. Nenda kalale, bado una saa moja."

Klaudia alijilaza bila kuvua kanga. Kupitia pazia alimsikia mama mkwe akimpokea mpigaji mwingine, kama alivyozoea kuwapokea wote kwa kuwa hakujua kusoma.

"Karibu, waitu, karibu ndugu. Na wewe ni nani?"

Na safari hii akajibiwa, kutoka nyuma ya kigoda, kwa Kihaya, kwa sauti ya upole, ya mgeni aliyekwisha kupewa kiti.