Bibi Kipofu Alisema Sikuja Peke Yangu

"Kama kuna anayejua sababu ya huyu kutowekwa wakfu kuwa shemasi, aseme sasa!"

Askofu aliuliza kwa desturi tu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Hapo huwa watu wananyamaza, ibada inaendelea.

"Mimi napinga!"

Jamani... ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi!

Kanisa zima likageuka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Shemasi wa kwetu alitakiwa awe kaka yangu. Alimaliza masomo yote, akabakiza kuwekwa wakfu tu, homa ikamchukua. Siku tuliyomzika nilijilaza kitandani kwake, uso ukutani, nalia. Nikasikia mnong'ono nyuma yangu.

"Nenda wewe. Kamalizie."

Nikageuka... hakuna mtu! Pazia la mlangoni tu lilikuwa linacheza.

Nikajua ni kaka. Wewe ungedhani nani?

Nikaacha kazi yangu ya kutengeneza majokofu, nikaenda chuo cha mashemasi. Mlezi wetu, mzee mmoja asiyecheka ovyo, akaniuliza:

"Nani amekuita?"

"Kaka yangu, baba."

Akapuliza chai yake, akanitazama weee...

"Endelea kusikiliza."

Pale chuoni kila mwanafunzi anapewa mgonjwa wa kumtembelea nyumbani. Mimi nikapewa bibi mmoja kipofu. Siku ya kwanza nabisha hodi...

"Karibuni, wajukuu zangu."

"Niko peke yangu, bibi."

"Acha utani! Mwenzako mbona hasalimii? Mwambie akae, asisimame mlangoni kama amekuja msibani."

Nywele zilinisimama! Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, nje jua tu.

Ikawa hivyo kila nikienda. Baadaye nikaanza kumsikia na mimi. Kwenye korido ya chuo, mchana kweupe, hatua nyuma yangu. Nikisimama, zinasimama. Nikakonda mpaka wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Kuacha sikuweza. Ningemwachaje ndugu yangu njiani?

Basi turudi kanisani.

Mama alikuja mpaka mbele, kanga imemdondoka begani hata hana habari.

"Mwanangu, ile sauti haikuwa ya kaka yako. Ilikuwa yangu!"

"Mama...?"

"Nilinong'ona nikatoka. Uliposema umemsikia marehemu, nikashindwa kukukatalia. Nilitaka mno shemasi nyumbani! Leo nimekuona na kanzu yake, mikono haikufikii viganjani... nikaona namzika wa pili."

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Nikalia mbele za watu.

"Umeniacha nitembee na marehemu muda wote huu, mama?"

Askofu akaniinamia.

"Mwanangu, nani amekuita?"

Nikavua ile kanzu, nikaikunja, nikampa mama.

Nikarudi kwenye majokofu yangu. Mama nilikuwa namsalimia tu, basi.

Alasiri moja nimetoka kwa mteja, begi la vifaa begani, nikashtukia nimekata kona ya kwa bibi. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na kanzu wala kitabu. Nikamuoshea vikombe, nikamfagilia, nikakaa.

Bibi akatega sikio.

"Leo umekuja peke yako."

Moyo wangu, jamani...

"Ndiyo, bibi."

"Basi leo niombee wewe. Siku zote alikuwa anaomba yule mwingine."

Nikaomba. Maneno yalikuwa yanagongana, nikasahau hata kusema amina. Bibi akanisemea.

Ndugu zangu mnaosoma, mama na mimi tumeshapatana. Ila chukueni hili kwangu: usimalizie maisha ya mtu ukadhani ni wito wako. Hata kama mtu huyo unampenda. Hata kama kila mtu anakupigia makofi.

Jana nimempigia mlezi. Nimemwomba nianze upya.

"Nani amekuita?"

"Bado nasikiliza, baba."

Nikamsikia akipuliza chai yake.

"Njoo," akasema. "Na safari hii, tafuta kanzu inayokutosha."